Sura ya Tano: Kidonge Kinachoachwa Dukani

Wagonjwa wengi wa kisukari hawauawi na sukari yenyewe. Wanauawa na moyo, na kiharusi, na figo. Yaani na mishipa ya damu iliyoharibika taratibu kwa miaka, sukari ikisaidiana na presha na kolesteroli. Madaktari wanalijua hilo tangu zamani. Lakini simama kwenye kaunta ya farmasi mjini Rumonge uangalie pesa zinavyotumika, utaona zinaelekea kwingine. Mgonjwa anatoa cheti. Muuzaji anapiga hesabu, kisha anakigeuza kikokotoo ili mgonjwa asome mwenyewe. Jumla imezidi kilichofungwa kwenye pindo la kitenge. Hapo linakuja swali la ipi iondolewe, na inayookolewa mara nyingi ni ya sukari, kwa kuwa huo ndio ugonjwa ambao mgonjwa aliambiwa anao. Ya presha inapunguzwa: muuzaji anachukua mkasi, anakata plaketi, anampa vidonge kumi. Ya kolesteroli inarudishwa kwenye rafu. Haitulizi maumivu, haishushi homa, na hakuna aliyewahi kuhisi kolesteroli yake ikipanda.

Sura hii ni ya hiyo dawa inayorudishwa kwenye rafu: inagharimu nini hasa, kwa nini bei yake hutofautiana sana kutoka boksi hadi boksi, na mgonjwa wa ufukwe huu afanye nini ili asiikose.

Rumonge iko kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayofuata ziwa hadi Nyanza-Lac na kuendelea mpaka Tanzania. Mwaka 2015 ilifanywa makao makuu ya mkoa wake wenyewe. Mwaka 2025, mikoa 18 ya Burundi ilipopunguzwa kuwa 5, ikawa komine ya mkoa wa Burunga. Ni mji wa mawese na ndagala, mji wa Kirundi na Kiswahili, wenye jamaa Uvira na Kigoma. Familia nyingi za hapa na za Nyanza-Lac zilikimbilia Tanzania mwaka 1972 na zilirudi baada ya miaka thelathini na zaidi, wengine wakiwa wamezaliwa huko. Nayataja haya kwa sababu yanaingia kwenye hesabu ya dawa. Pesa ya ufukweni haiji kama mshahara. Wavuvi wa ndagala hutega kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, samaki hawavutwi na taa, boti zinapumzika, na nyumba inakaa siku kadhaa bila kuingiza kitu. Mawese nayo yana msimu wake. Kidonge cha presha hakina msimu. Kinadaiwa kila asubuhi, mwezi uwe mwembamba au uwe mpevu.

Tuchukue cheti cha kawaida kabisa, cha mtu wa miaka 58 mwenye kisukari cha ukubwani na presha, ambaye bado hajawahi kupata shambulio la moyo. Metformini miligramu 500 mara tatu kwa siku. Amlodipini 5 mara moja. Enalaprili 10 asubuhi na jioni. Atorvastatini 20 usiku. Aspirini 100 mara moja. Jumla ni vidonge 8 kwa siku, vidonge 240 kwa mwezi. Vitano kati ya kila vinane vya vidonge hivyo, yaani vyote isipokuwa metformini, ni vya moyo na mishipa. Kwa maneno mengine, mtu huyu anajiita mgonjwa wa sukari, lakini mzigo mkubwa wa mfuko wake ni dawa za moyo. Ndiyo maana nasema kulinganisha bei za dawa za moyo ni kazi ya kila mwenye kisukari, hata ambaye moyo wake haujamsumbua.

Jambo la kwanza la kutazama ni jina lililoandikwa kwenye cheti. Burundi imerithi mazoea ya Ubelgiji na Ufaransa, na waganga wengi waliosoma kwa Kifaransa bado huandika jina la kibiashara: Glucophage badala ya metformini, Amlor badala ya amlodipini, Tahor badala ya atorvastatini. Mgonjwa akifika farmasi na cheti cha namna hiyo, anaonyeshwa boksi la Ulaya, spesialite, au anaambiwa, “Mzee, ya Ufaransa hakuna, iko ya India, dawa ni ile ile.” Sentensi hiyo fupi ndiyo punguzo kubwa zaidi la bei atakalolipata mwaka mzima, wala hakulipata kwa kubembeleza. Amelipata kwa bahati ya boksi kukosekana. Angekuwa ameandikiwa jina la dawa yenyewe tangu mwanzo, asingehitaji bahati.

Nawajua watu wasioiamini sentensi hiyo. Wanasema ya India haina nguvu, presha haishuki. Swali lao ni la haki, na linastahili jibu lenye pande zote mbili. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walichapisha katika jarida la JAMA mapitio ya tafiti 47 zilizolinganisha dawa za moyo za jenerike na zile za majina makubwa, na hawakuona ushahidi kwamba zenye majina makubwa ni bora. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni utafiti wa mwaka 2017 uliopima sampuli 1,530 za dawa za moyo kutoka nchi 10 za Afrika, jirani zetu wa Kongo wakiwemo: asilimia 16.3 zilikuwa na ubora mbovu, hasa zile za kuuzwa barabarani. Kwa hiyo jenerike iliyotengenezwa vizuri na ikahifadhiwa vizuri inafanya kazi. Kinachomuumiza mgonjwa ni dawa isiyo na mlinzi, iliyochomwa na jua kwenye meza ya soko. Kwenye joto la Rumonge, sehemu ya kununulia ina uzito kuliko nchi iliyoandikwa kwenye boksi. Nunua hospitali, au kwenye farmasi yenye kibali, na uangalie tarehe ya kwisha muda hata kama umekatiwa plaketi nusu. Mwombe muuzaji akuachie upande wenye tarehe.

Jina la dawa linaamua pia nani atakulipia. Mtumishi wa serikali, mwalimu au askari, ana Mutuelle de la Fonction Publique, ambayo kila mtu huiita mituweli. Inalipia sehemu kubwa ya bei ya jenerike, na sehemu ndogo zaidi ikiwa dawa ni spesialite. Fikiria maana yake: kama boksi la jina kubwa lina bei mara tano ya jenerike, mwenye mituweli anabeba mara tano zaidi hata kabla ya hilo pengo la viwango kuongezwa. Mkulima, mvuvi na muuza mawese hawana mituweli. Wana karti ya CAM, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo kwa franga 3,000 kwa mwaka humpa mwenye nyumba haki ya kulipa asilimia 20 tu ya matibabu katika vituo vya serikali, na serikali kuu ikabeba 80 zilizobaki. Kwenye karatasi, hakuna mpango bora kwa mwenye presha. Shida ni kwamba serikali ikichelewa kurudisha hizo 80, hospitali inakosa pesa ya kununua tena, na rafu ya farmasi yake inabaki wazi. Hapo mgonjwa anatumwa nje, kwenye farmasi ya mtu binafsi, ambako karti yake haina kazi. Kidonge alichokuwa akipata kwa moja ya tano ya bei, sasa analipa bei nzima. Amlodipini ni ile ile, mji ni ule ule, na tofauti ya bei aliyokutana nayo kati ya madirisha mawili ni mara tano na zaidi.

Nasisitiza hili kwa sababu watu huzunguka farmasi hadi farmasi wakitafuta tofauti ya franga chache, ilhali pengo kubwa liko kati ya dirisha la hospitali na la nje. Swali la kuulizwa hospitali ni dawa itakuja lini. Mwenye vidonge vya siku kumi na mbili nyumbani anaweza kusubiri mzigo wa wiki ijayo kutoka CAMEBU, ghala kuu la taifa la dawa muhimu lililoko Bujumbura. Mwenye kidonge kimoja hawezi kusubiri. Akiba ya wiki mbili, hata ikichukua miezi kadhaa kuijenga kidonge kwa kidonge, ndiyo inayomwezesha maskini kununua kwa bei ya karti.

Sasa turudi kwa yule anayepunguza dawa ya presha abaki na ya sukari. Je, anakosea? Uingereza walilijibu swali hili mwaka 1998, katika utafiti mkubwa unaoitwa UKPDS. Kati ya wagonjwa wa kisukari waliofuatiliwa, 1,148 walikuwa na presha pia. Baadhi walidhibitiwa presha kwa ukali, wengine kwa ulegevu. Dawa kuu zilizotumika zilikuwa kaptoprili na atenololi, za zamani na za bei ndogo, ambazo mwuguzi yeyote wa Rumonge anazijua. Presha ya kundi la kwanza ilishuka hadi wastani wa 144 kwa 82, ya kundi la pili ikabaki 154 kwa 87. Tofauti ya pointi kumi tu. Lakini kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 32. Katika utafiti huo huo, kuibana sukari yenyewe kuliyasaidia sana macho na figo, ila kwa moyo faida ilikuwa ndogo zaidi na haikuthibitika wazi wakati ule, isipokuwa kwa wanene waliotumia metformini. Mwaka 2004 ukaja utafiti wa CARDS: watu 2,838 wenye kisukari, kolesteroli yao si ya kutisha, hawajawahi kuugua moyo. Nusu walipewa atorvastatini miligramu 10. Utafiti ulikatishwa karibu miaka miwili kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa imeonekana wazi: matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37.

Wakati CARDS inachapishwa, atorvastatini ilikuwa mali ya kampuni moja, ikiuzwa kwa bei ambayo hata Ulaya waliijadili. Hataza yake nchini Marekani iliisha Novemba 2011, viwanda vikaingia kwa wingi, na leo ni moja ya dawa za bei nafuu kwenye rafu za dunia. Sayansi iliyogharimu mabilioni imetufikia kwa bei ya jenerike. Inaniuma kwamba hiyo ndiyo dawa inayorudishwa kwanza.

Kwa nini inarudishwa, kama ni nafuu? Kwa sababu nafuu ya dunia na nafuu ya Rumonge ni vitu viwili. Shirika la Afya Duniani na shirika la Health Action International wana kipimo chao tangu mwaka 2003: wanahesabu mtumishi wa serikali wa mshahara wa chini kabisa afanye kazi siku ngapi ili anunue dozi ya mwezi. Ni kipimo kizuri, lakini Burundi kinahitaji akili ya ziada. Mshahara wa chini wa kisheria nchini humu uliwekwa mwaka 1988: franga 160 kwa siku mijini na 105 vijijini, na miongo mitatu baadaye ulikuwa haujabadilishwa. Franga 105 hazinunui chochote leo. Kwa hiyo pima kwa kibarua halisi cha hapa: anayelipwa kukata mikungu ya michikichi, anayebeba makreti ya samaki. Chukua jumla ya cheti chako cha mwezi, igawe kwa posho ya siku moja ya kazi yako. Ukiona dawa zinakula siku nne za kazi kati ya ishirini na tano, basi unabeba mzigo mkubwa mno, na daktari anapaswa kuambiwa hivyo kwa hesabu hiyo hiyo, siku nne, kuliko kuambiwa tu kwamba maisha ni magumu. Utafiti wa PURE uliochapishwa katika Lancet ulikuta kwamba katika nchi maskini, ukiitoa India, aspirini, dawa ya kundi la atenololi, dawa ya kundi la enalaprili na statini (kundi la atorvastatini) zilipatikana zote nne kwa pamoja katika asilimia 3 tu ya jamii za vijijini, na kaya 60 kati ya 100 zisingezimudu hata zingepatikana.

Juu ya hayo kuna dola. Karibu dawa zote za moyo zinazotumika Burundi zinatoka nje na zinalipiwa kwa fedha za kigeni. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya franga, dola ikatoka kiasi cha franga 2,100 ikavuka 2,800. Na kwenye soko la pembeni dola ilikuwa ghali zaidi ya hapo, ikazidi kupanda miaka iliyofuata. Mwagizaji asiyepata dola benki anazipata pembeni, na tofauti hiyo inamshukia mnunuzi wa mwisho. Ongeza uhaba wa mafuta ya gari, ambao umefanya safari ya Bujumbura kwenda na kurudi iwe gharama ya kuogopwa. Kisha mafuriko: maji ya Tanganyika yamepanda na kuingia makazini, Rumonge ikiwemo, vibaya sana mwaka 2024. Familia iliyohama mara mbili kwa mwaka haikumbuki kwanza mfuko wa dawa.

Wapo waliojaribu kupunguza bei kutoka juu. Nchini Kenya, mwaka 2015, kampuni ya Novartis ilizindua mpango wa kuuza dawa 15 za magonjwa sugu, zikiwemo za moyo na kisukari, kwa dola moja kwa mwezi kwa kila dawa kwa wanunuzi wa serikali na wa mashirika yasiyo ya faida. Watafiti wakaufuatilia katika kaunti nane, na matokeo yakatoka mwaka 2019: amlodipini na metformini zilionekana zaidi vituoni, dawa nyingine hazikubadilika, na majumbani kwa wagonjwa hakukuonekana tofauti. Dola moja iliyotangazwa mjini ilipotelea njiani, kati ya ghala, kituo na mfuko wa mgonjwa. Nalipenda jaribio hilo kwa ukweli wake. Linatuonyesha kwamba bei ya kiwandani ni mwanzo wa habari tu.

Kuna dawa moja ambayo nataka nikae nayo, kwa sababu inaulizwa sana sasa. Ni empagliflozini, na ndugu yake dapagliflozini. Zinafanya kazi kwenye figo, zinaitoa sukari kwa njia ya mkojo, lakini umaarufu wao unatokana na moyo. Mwaka 2015 utafiti wa EMPA-REG OUTCOME, wenye wagonjwa 7,020 wa kisukari waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa, ulionyesha vifo vya moyo vikipungua kwa asilimia 38 na kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi kwa asilimia 35. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshachoka, miguu imevimba, anashindwa kulala chali, hii siyo dawa ya anasa.

Bei yake? Mwaka 2024 watafiti walipiga hesabu ya gharama ya kuzitengeneza, wakaweka na faida ya kiwanda juu yake: dola 1.30 hadi 3.45 kwa mwezi. Ulaya na Marekani zinauzwa kwa mara nyingi ya hapo. India, hataza ya dapagliflozini ilipoisha mwaka 2020 na ya empagliflozini Machi 2025, viwanda vingi viliingia sokoni na bei ikaporomoka. Na hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wa Burundi, na hata waganga wao, hawaambiwi vya kutosha. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni kabisa, na Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi hizo zisitoe wala kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Kwa kanuni hiyo ya dunia, hataza si sababu ya kumnyima mtu wa Rumonge jenerike ya India. Kilichobaki ni kazi ya watu: dawa isajiliwe na ABREMA, mamlaka ya dawa ya Burundi, ghala liiagize, waganga waizoee, karti iilipie. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na jumuiya ina utaratibu wa pamoja wa kutathmini dawa ulioanza 2012. Nchi hizi zingenunua kwa pamoja, mwenye viwanda angezungumza nazo kwa sauti nyingine. Siwezi kuandika kuhusu hili kwa utulivu. Ni miaka zaidi ya kumi tangu utafiti wa EMPA-REG, na kwa mgonjwa wa Rumonge kupata dawa hii bado kunategemea kama ana jamaa anayesafiri.

Upande mwingine kabisa wa kaunta iko aspirini, kidonge cha senti. Wengi wenye kisukari wanaimeza kila siku kwa kuwa ni ya bei ndogo na inasemekana inalainisha damu. Utafiti wa ASCEND wa mwaka 2018, wenye watu 15,480 wa kisukari wasio na ugonjwa wa moyo, ulikuta kwamba aspirini ilipunguza matukio mazito ya mishipa kwa asilimia 12 na ikaongeza kutokwa na damu kwa hatari kwa asilimia 29. Kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi cha kuziba mshipa, aspirini inabaki na nafasi yake na asiiguse bila ruhusa. Kwa yule wa miaka 58 kwenye cheti chetu, ambaye moyo wake haujapata tukio, ni haki amuulize daktari: hii ya tano naihitaji? Vidonge 30 vikitoka kwenye cheti, pesa yake ndogo inaweza kuongezwa kwenye atorvastatini iliyokuwa inaachwa.

Hesabu nyingine za kaunta ni fupi. Boksi za Ulaya mara nyingi zina vidonge 28, za India hukatwa kumi kumi. Mwaka mmoja ni boksi 13 za 28, kwa hiyo usilinganishe boksi kwa boksi, gawa upate bei ya kidonge, kisha zidisha kwa 30. Atorvastatini ya 40 mara nyingi haigharimu mara mbili ya 20. Daktari akikubali, kidonge kinapasuliwa katikati na mwezi unakuwa miezi miwili. Vivyo hivyo amlodipini ya 10. Vidonge vinavyoachia dawa polepole, kama nifedipini retadi, visipasuliwe kamwe, maana dozi ya siku nzima inaweza kumwagika mwilini kwa mkupuo. Enalaprili ikileta kikohozi kikavu kisichoisha, usinunue dawa ya kikohozi mwezi baada ya mwezi. Losartani inafanya kazi inayokaribiana bila kikohozi hicho, na jenerike yake ipo. Kwa zote mbili omba kipimo cha figo na potasiamu. Kipimo kinalipiwa, lakini figo zikiharibika bila kujulikana, gharama yake hakuna karti inayoiweza. Na mwanamke anayeweza kushika mimba amwambie daktari kabla, kwa sababu enalaprili na losartani humdhuru mtoto tumboni.

Dawa za ng'ambo ni desturi ya ufukwe huu. Shangazi yuko Kigoma, kijana wa boti anamjua, mfuko unafika. Kwa kidonge kikavu kama amlodipini, njia hiyo inaweza kuokoa pesa, franga ikiwa imesimama vizuri dhidi ya shilingi. Lakini hesabu nauli ya mtu na siku ulizokaa bila dawa ukisubiri upepo utulie. Tuma picha ya kopo la zamani, jina la dawa na miligramu, usitume rangi ya kidonge. Rangi hubadilika kiwanda kwa kiwanda, na kuna watu wamemeza dawa mbili za aina moja kwa kudhani nyeupe na ya njano ni tofauti. Risiti ya duka lililosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, isafiri pamoja na mfuko. Insulini isipitie njia hiyo bila barafu.

Halafu kuna siku pesa hazitoshi, hata baada ya jenerike, karti na kupasua. Mwezi mpevu, boti zimelala, mtoto amefukuzwa shule kwa ada. Siku hiyo mgonjwa asifanye uamuzi kwenye kaunta, mbele ya foleni, na muuzaji aliyeshika mkasi. Arudi kwa mganga, au kwa mwuguzi wa kituo, na cheti chake, na pesa aliyonayo aitaje bila haya: “Dogiteri, nina elfu hizi. Nipangie.” Anayetumia insulini hataachishwa insulini. Mwenye moyo ulioshindwa hatapunguziwa furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini. Lakini kwa yule wa miaka 58, mganga anaweza kuondoa aspirini, kuangalia kama enalaprili ya asubuhi na jioni inaweza kuwa ya mara moja, kuandika atorvastatini ya 40 ya kupasua, na kuyaandika yote kwa majina ya jenerike, dozi ya miezi miwili kwa cheti kimoja ili nauli ilipwe mara moja. Vidonge 240 vinaweza kushuka hadi 165, na statini ikabaki kwenye mfuko.